Shangazi Anajibu, Wifi Hajibu

Waraka Namba Tisa, uliosomwa kwa sauti mbele ya watumishi wote wa chuo wakiwa wamesimama, unatamka kwamba kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa saba hewa imekomeshwa. Hakutakuwa tena, katika taasisi yoyote ya umma, na mtumishi hewa, mwanafunzi hewa wala kifaa hewa. Kila kilichoandikwa kitakuwepo, na kila kilichopo kitakuwa kimeandikwa. Waraka ulipigwa mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine, labda kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu. Haukusema watu watavuta nini.

Kwa asiyezoea mambo ya ofisi inafaa kueleza kwamba hewa, kwa maana hiyo, ni kitu kilichomo kwenye karatasi ambacho kitini hakimo. Mtu amezikwa mwaka juzi na bado anaomba likizo. Darasa la wanafunzi arobaini lina madawati kumi na moja na hakuna anayesimama. Ugonjwa wenyewe ni wa kweli, na waraka ulikuwa na haki ya kuukasirikia.

Chuo kinachohusika ni cha ufundi, kina majengo matatu na nusu. Maabara ya kompyuta ilikuwa katika ile nusu, chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, na mtaalamu wake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi wa cherehani. Wanafunzi walimwita Bi Nukta. Jina lilitoka kazini. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao hupewa anwani yake, na anwani hiyo ni tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta, na kwa miaka tisa Bi Nukta alipita nyuma ya migongo ya wanafunzi akisema maneno yale yale: "Nukta. Umesahau nukta. Barua yako imeenda kwa jirani."

Miaka yote hiyo tisa alikuwa mtumishi wa muda. Barua yake ya ajira haikueleza muda huo una urefu gani.

Alikuwa na kasoro moja tu iliyojulikana: kuchelewa. Daftari la mahudhurio linafungwa saa moja na nusu asubuhi, na yeye aliingia saa mbili kasoro kumi, akaandikwa kwa wino mwekundu, akaomba radhi, akaenda kufungua stoo yake. Hakusema kwa nini, na kwa kuwa hakusema, watu walisema kwa niaba yake. Ukweli ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kutoka, alimtungia mumewe sindano ishirini.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Mikono ilibaki ya fundi: akishika kitambaa alijua kinataka kukatwa wapi, na mguu wake juu ya pedali haukukosea. Lakini tundu la sindano lilishamtoka duniani. Basi mkewe alimtungia ishirini, akazichoma kwa mstari kwenye mto mdogo, nyuzi nyeusi kushoto na nyeupe kulia, na zikiisha siku ya mume ilikuwa imeisha, hata kama ni saa tano.

Ndani ya nyumba hiyo ya vyumba viwili aliishi pia dada wa mume, yaani wifi yake Bi Nukta, aliyekuja kwa wiki mbili miaka sita iliyopita. Wifi alikuwa na macho mazima kabisa. Aliona vumbi juu ya kabati, aliona chumvi ikipungua, aliona jirani akipita na mfuko. Sindano hakuiona.

"Mimi nikitunga uzi kichwa kinaniuma, wifi," alisema. "Na isitoshe, mtoto wenu huyo. Mngezaa wengine wangesaidia. Mmejaliwa mmoja tu, na yeye kakaa kwenye jicho."

Alilisema hilo mara nyingi, kila mara kama mtu aliyeligundua leo. Wenyewe hawakuwa na watoto. Fundi cherehani alicheka mara ya kwanza, kwa heshima ya dada yake.

Upasuaji wa jicho upo. Unachukua nusu saa, na mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini hupewa kadi ya matibabu inayomlipia yeye na mwenzi wake. Asiyethibitishwa hana kadi. Daktari wa macho alikuwa ameeleza vizuri, bila haraka: jicho la kushoto lingengoja mwaka, la kulia labda mwaka na nusu, baada ya hapo asingeahidi kitu. Kwa hiyo Bi Nukta hakuomba cheo wala nyumba. Aliomba kuthibitishwa.

"Bi Nukta," alisema Mkuu wa chuo, "jina lako ninalo hapa mezani."

Lilikuwepo kweli. Mkuu alikuwa mwanamume mpana, msomi wa kilimo, mwenye shingo iliyoanza masikioni na kushuka bila kupungua. Siku hiyo alikuwa na waraka mwingine mkononi, huu ukisema kwamba chuo kinachofundisha mitandao lazima kiwe na mtaalamu mmoja na mtandao wa kompyuta kumi na mbili, la sivyo kozi ifutwe. Chuo kilikuwa kimeomba kumi na mbili, maana za zamani zilikuwa zimekufa zote. Kililetewa moja, pamoja na barua ya pongezi.

"Tufanyeje, mama?" aliuliza Mkuu.

"Inategemea, Mkuu. Wanataka kompyuta kumi na mbili, au wanataka wanafunzi wajue kuunganisha kumi na mbili?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Hii waliyoleta ina nguvu. Naweza kuzigawa zikatoka kumi na mbili ndani yake, na zote zikaongea."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake mmoja ana mbuzi wengine tumboni: habari njema, isiyohitaji maswali. "Ukifanikisha hilo," alisema, "barua yako ya kuthibitishwa naisaini kwa mkono huu." Aliuonyesha mkono. Ulikuwa wa kulia.

Bi Nukta alifanya kazi hiyo Jumamosi nne, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya harufu ya magodoro. Jambo lenyewe si la ajabu kwa wanaolijua. Unaiwekea kompyuta programu inayojua kudanganya kwa uaminifu: inajenga ndani ya mashine moja mashine nyingine, inaipa sehemu ya kumbukumbu, kipande cha diski, na kadi ya mtandao isiyo na waya wala kadi. Mashine hiyo ya ndani haijui kuwa iko ndani. Inaamka, inapiga miayo, inauliza saa ngapi, inajiona bwana katika nyumba yake. Unajenga ya pili, ya tatu. Kisha unazijengea swichi ya kuziunganisha, nayo haipo, na kuzipa anwani, na sasa ya tatu inaweza kuiandikia ya pili barua ikajibiwa, bila hata uzi mmoja kutoka nje ya boksi. Ile kompyuta ya chuma inaitwa mwenyeji. Zile za ndani zinaitwa wageni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao hawakuwahi kugawa gigabaiti thelathini na mbili za kumbukumbu kwa watu kumi na wawili. Bi Nukta aliwapa wageni mbili mbili, akamwachia mwenyeji nane za kuendeshea nyumba. Ukiwapa wageni kila kitu, mwenyeji anaanguka, na akianguka mwenyeji wageni wote wanafia kitandani. Hesabu hiyo hakuisoma kitabuni. Alikuwa akiifanya nyumbani, akigawa vyumba viwili kwa mapazia, kwa miaka sita.

Kilichobaki kilikuwa majina. Kila mashine kwenye mtandao sharti iwe na jina, na wataalamu wengine hutumia majina ya sayari au ya milima. Bi Nukta alikuwa amegundua kwamba wanafunzi wake hawakumbuki sayari, ila ukoo wanaukumbuka. Basi mashine iliyogawa anwani kwa wenzake aliiita Babu. Iliyotunza mafaili ya kila mtu, na kujua siri zote, akaiita Shangazi. Iliyokuwa ikila kumbukumbu kuliko kiasi ilikuwa Mjomba. Akafuatisha Bibi, Mama Mkubwa, Baba Mdogo, Kaka, Dada, Binamu, Shemeji na Mkwe. Ya kumi na mbili aliiwekea ukuta kwa makusudi, ili ipokee kila salamu na isijibu hata moja, wanafunzi wajifunze kwamba ukimya kwenye mtandao una maana zaidi ya moja. Hiyo ilikuwa Wifi.

"Bi Nukta, Wifi hajibu!" walilalamika siku ya kwanza.

"Yupo?"

"Hajibu."

"Sikuuliza kama anajibu. Nimeuliza kama yupo. Anakula kumbukumbu?"

"Gigabaiti mbili."

"Basi yupo. Asiyejibu si lazima awe hayupo. Andikeni hilo."

Waliandika. Walikuwa kumi na wanane, wakapokezana mbele ya skrini moja iliyogawanywa madirisha kumi na mawili, na chumba kikajaa kelele za ukoo. "Mjomba kaanguka!" "Mwinue." "Kala kumbukumbu yote!" "Ndivyo alivyo, mwinue hivyo hivyo." "Binamu na Shemeji wana anwani moja!" "Watenganishe kabla watu hawajaanza kusema." Mwaka huo wanafunzi kumi na saba kati ya kumi na wanane walifaulu mtihani wa mitandao. Wa kumi na nane alisahau nukta.

Ili asihangaike kuangalia kila dirisha, Bi Nukta aliandika programu ndogo ya kuita majina. Kila asubuhi saa moja na nusu mwenyeji alijiwasha mwenyewe, Babu akawaita wote mmoja mmoja, na printa ikiwashwa karatasi ikatoka ikiwa na jina, hali, na saa. Ilikuwa kazi safi. Aliziweka karatasi hizo kwenye faili, kwa tarehe, bila kukosa siku.

Kisha ukaja Waraka Namba Tisa, na pamoja nao amri kwamba kila idara iandike taarifa ya vifaa vyake kwa Kiswahili fasaha. Bi Nukta aliandika kwa mkono: "Maabara ina kompyuta pepe kumi na mbili, zote zinafanya kazi vizuri." Alipeleka rasimu kwa Mkuu kabla ya kuichapa, kama utaratibu unavyotaka.

Mkuu alisoma akakunja uso. "Pepe ndiyo nini?"

"Ndiyo Kiswahili chake, Mkuu. Kitu kinachofanya kazi kama kipo, ila huwezi kukishika."

"Mama, hicho ni pepo. Unataka nimpelekee Mkaguzi habari za mapepo? Kumi na mbili?" Alichukua kalamu nyekundu, akakata neno. "Kitu ambacho kipo lakini hukishiki ni nini? Hewa. Unaivuta, huioni. Andika hewa." Aliandika mwenyewe juu ya neno lililokatwa, na pambizoni akaongeza: *Irekebishwe hivi*, na sahihi yake, ndefu, yenye mkia.

Inawezekana Mkuu alikuwa amesimama sana siku ile waraka uliposomwa, na aliyesimama sana hasikii vizuri. Bi Nukta alisikia. Alisema, "Mkuu, hilo neno siku hizi lina..." na Mkuu akasema, "Barua yako iko hapa, mama, nasubiri hii taarifa tu nizisaini pamoja." Bi Nukta akachapa hewa. Akasaini chini, peke yake, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi moja. Rasimu yenye wino mwekundu aliikunja akaenda nayo nyumbani, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mweupe, na mumewe hukatia vipimo vya nguo kwenye karatasi za ofisi.

Mkaguzi alifika Jumanne. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa ameshakagua vyuo vitatu bila kupata hewa hata moja, kwa sababu vyuo hivyo vilijua siku atakayofika. Wakubwa wake walikuwa wameanza kumuuliza kama yeye mwenyewe yupo. Alisoma taarifa ya maabara akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena akiwa ameketi.

"Mama, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Kompyuta ziko ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mkaguzi alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Naona moja."

"Hiyo haimo kwenye hesabu, mheshimiwa. Hiyo ni mwenyeji. Zile kumi na mbili zimo ndani yake."

"Fungua."

Alifungua boksi kwa bisibisi. Mkaguzi aliinama, akatazama feni, akatazama vumbi, akatia kidole, akakitazama kidole. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, akionekana kupendezwa na dari.

"Hazionekani hivyo," alisema Bi Nukta. "Tufunge niiwashe, utaziona zinavyoongea." Aliwasha. Alikuwa na furaha kidogo, Mungu amsamehe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kutaka kuona. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ya asubuhi hiyo. Mkaguzi aliichukua kabla yake.

"Babu, yupo, saa moja na nusu," alisoma. "Shangazi, anajibu, saa moja na nusu. Mjomba, anajibu, saa moja na dakika thelathini na moja. Hawa ni akina nani?"

"Ni kompyuta, mheshimiwa. Ni majina tu."

"Una shangazi?"

"Nilikuwa naye. Alifariki."

"Lini?"

"Miaka sita sasa."

Mkaguzi aliangalia karatasi. "Lakini leo kaingia saa moja na nusu."

"Si yeye, mheshimiwa. Ni..."

"Na huyu Wifi. Hajibu. Yuko wapi?"

"Wifi yangu? Yupo nyumbani." Akasikia alichokisema. "Hapana, huyo si huyu. Huyu yupo, ila nimemwekea ukuta asijibu."

"Umemficha."

"Nimemfundishia."

Mkaguzi aliomba faili. Alipewa: karatasi mia mbili na kumi na nne, ukoo mzima, kila asubuhi, kwa tarehe. Alizipitisha mikononi kwa namna ambayo watu hupitisha picha za harusi yao. Mwishowe alimgeukia Mkuu.

"Mkuu, ulijua kuna watu kumi na wawili wa familia moja wanaosaini katika chumba hiki?"

Bi Nukta pia alimgeukia Mkuu. Alikuwa na haki ya kutarajia neno moja. Hata "ndiyo" lingetosha.

"Mimi mheshimiwa ni mtu wa kilimo," alisema Mkuu. "Haya ya ndani ya kompyuta sikushirikishwa. Niliona tu mama huyu anachelewa."

Ripoti ya Mkaguzi ilikuwa fupi na ilisifiwa baadaye kwa ufupi wake. Ilisema chuo kilikuwa na watumishi hewa kumi na wawili, wote wa ukoo mmoja na mhusika, mmoja wao akiwa marehemu na mmoja mtoro. Na kwamba katika chumba hicho hicho kulikutwa kifaa kimoja kilichokuwepo bila kuandikwa. Yaani waraka ulikuwa umevunjwa kwa pande zake zote mbili, jambo ambalo Mkaguzi hakuwahi kulikuta kwingine.

Kamati ya nidhamu ilipangwa Ijumaa. Siku tatu zinatosha kutafuta karatasi moja katika nyumba ya vyumba viwili.

"Wifi," aliuliza Bi Nukta, "umeona karatasi yenye wino mwekundu? Iliyokunjwa mara mbili?"

"Mimi nasoma karatasi zako? Sikujua nimeajiriwa ukarani. Muulize mwenye mkasi."

Mwenye mkasi alikuwa kwenye cherehani. Aliinua uso kuelekea sauti. "Ilikuwa na wino mwekundu, mke wangu? Sikuuona. Siku hizi rangi zote kwangu ni za moshi."

"Uliikata?"

"Nilikatia kola juzi. Karatasi nzuri, ngumu, ndefu kuliko za kawaida. Kola ya shati la Mkuu wako. Alisema ana kikao Ijumaa."

Vipande vilivyobaki, alieleza wifi kutoka chumba cha pili, yeye alivifagia na kuwashia jiko, maana mtu lazima afanye kazi ya nyumba hii. Kola ilikuwepo. Bi Nukta aliipata imechomwa pini ukutani pamoja na vipimo vingine, akaigeuza. Mkasi wa bahati ulikuwa umepita vizuri sana: mstari ulisomeka *kompyuta pepe*, neno *pepe* limekatwa kwa wekundu, na juu yake, kwa mwandiko mnene, *hewa*. Pambizo, pamoja na maagizo na sahihi yenye mkia, lilikuwa limeshachemsha maji.

"Nimeharibu?" aliuliza mumewe.

"Hapana. Umekata vizuri."

Alikuwa amekata vizuri kweli. Kwa mtu asiyeona, kona zote mbili zilikuwa sawa kabisa.

Ijumaa kamati ilikaa: Mkuu kama mwenyekiti, Mkaguzi kama mkaguzi, na mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye alifumba macho ili asikilize vizuri. Bi Nukta aliiweka kola mezani.

"Neno hilo sikuliandika mimi. Aliliandika Mkuu. Huo ni mwandiko wake."

Mkaguzi aliinama. "Neno moja?"

"Herufi nne," alisema Mkuu kwa upole. "Mama, kalamu nyekundu kila mtu anayo. Wewe mwenyewe tunakuandika kwa nyekundu kila asubuhi."

"Pambizoni kulikuwa na sahihi yako, Mkuu."

"Pambizo liko wapi?"

"Lilikatwa. Mume wangu haoni. Alikuwa anakata kola."

"Kola," alisema Mkaguzi, akiandika.

"Kola yako wewe, Mkuu. Uliyovaa."

Mkuu aliichukua karatasi, akaigeuza, akaipandisha taratibu mpaka shingoni, juu ya ile ya kitambaa, akapapasa ncha zikikutana chini ya kidevu. Zilikutana sawasawa.

"Inchi kumi na saba," alisema. "Kweli ni yangu. Mwambie fundi safari ijayo ailegeze kidogo."

Muhtasari wa kikao upo. Mahali hapo unasema: *Wajumbe walicheka.* Mstari unaofuata unasema: *Ajira ya mhusika imesitishwa kuanzia leo.* Mwakilishi wa wafanyakazi alifumbua macho ili asaini.

Bi Nukta alipewa nusu saa kukabidhi funguo. Mkaguzi alikuwa mtu wa utaratibu. Alitaka wale hewa kumi na wawili waondolewe mbele yake, na hapakuwa na mwingine aliyejua kuwaondoa. Basi Bi Nukta aliketi akawafuta mmoja mmoja. Programu huuliza kila mara, *Una hakika?*, na kila mara alibonyeza ndiyo. Mjomba alichukua muda kufutika, kama ilivyotarajiwa. Shangazi alijibu hadi sekunde ya mwisho. Alipofika kwa Wifi mashine iligoma mara mbili, akalazimika kumfuta kwa amri ya kuandika, na hapo mwanafunzi mmoja mlangoni akacheka, kisha akaacha.

"Sasa zimebaki ngapi?" aliuliza Mkaguzi.

"Moja, mheshimiwa."

"Vizuri," alisema Mkaguzi. "Sasa inaonekana."

Hiyo moja ilichukuliwa kama kielelezo, ikafungwa utepe, na haijarudi.

Nyumbani habari haikuhitaji kuelezwa sana. Wifi alisema aliona mapema, ndivyo alivyozoea kuona. Jicho la kushoto la fundi cherehani lilifunga miezi minane baadaye, kabla ya muda wa daktari. La kulia lilisubiri sherehe ya mwaka mpya ipite. Sasa Bi Nukta ndiye anayekanyaga pedali. Mumewe hukaa kwenye kigoda kando, akipapasa kitambaa na kumwambia pa kukata, na kola zao bado zinasifiwa. Sindano ishirini hazihitajiki tena. Hutunga moja, ikiisha hutunga nyingine. Cherehani inaponyamaza kwa muda, mume huita.

"Upo?"

"Nipo."

Baada ya kitambo huita tena. Asipojibiwa upesi, wifi hujibu kutoka chumba cha pili kwamba yupo, kwani ataenda wapi.

Chuoni mambo yalitengenezwa. Ripoti iliyopanda juu ilisema hewa kumi na wawili wameondolewa na mhusika ameshughulikiwa. Fomu haikuwa na sehemu ya jina la mhusika. Kwa kuwa wale kumi na wawili walihesabiwa kuwa watumishi, hakuna aliyegusa orodha ya vifaa. Na kwa kuwa kozi isingeweza kuendelea bila mtaalamu, barua ya kumwachisha kazi Bi Nukta haikupelekwa nakala popote. Mwezi wa tatu, kitabu cha mwaka kilipotoka, kilitangaza kwamba zoezi la kukomesha hewa limekamilika kwa asilimia mia moja, na chuo hicho kikatajwa kwa mfano mwema: maabara moja, kompyuta kumi na mbili kwenye mtandao, mtaalamu mmoja, amethibitishwa kazini. Kadi yake ya matibabu, yenye picha ya zamani na nafasi ya mwenzi, imo kwenye droo ya Mkuu, upande wa kulia.

Daftari la mahudhurio liko mlangoni pa ofisi, na yeyote anaweza kulitazama. Jina la Bi Nukta limesainiwa kila asubuhi, kwa wino wa bluu, sahihi ndefu kidogo, yenye mkia. Tangu afukuzwe hajachelewa hata siku moja.